Kutoka Mumiani hadi Hai Mauna: Historia Fupi ya Mashaka Juu ya Sindano na Simu

Katika muhula uliopita tulifundisha kipindi cha msamiati wa afya kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Tuliwauliza swali jepesi: ni kitenzi kipi kinachokwenda na neno *sindano*? Wanafunzi kutoka Tanzania walisema mtu *huchomwa* sindano. Wa Kenya walisema *hudungwa*. Mwingine akasema kwao *hupigwa*. Tulikuwa tunajiandaa kuandika ubaoni tofauti hizo za lahaja pale mwanafunzi mmoja wa Sudan Kusini, aliyelelewa katika mtaa wa Hai Mauna jijini Juba na kujifunza Kiswahili katika kambi ya Kakuma, aliponyosha mkono. Alisema kwamba kwao mwaka 2021 hakuna aliyeuliza kitenzi. Watu waliuliza ni nani aliyeileta hiyo sindano, na mbona ameileta bure.

Alieleza jinsi simu za mtaani zilivyojaa ujumbe wa sauti uliosema kwamba aliyechanjwa dhidi ya korona hatazaa, au kwamba atakufa baada ya miaka miwili. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu mama yake mzazi alikataa chanjo kwa kuuamini ujumbe huo, na aliyemtumia alikuwa ndugu wa damu. Mjadala uliofuata ulikula kipindi chote. Tuliwaahidi wanafunzi kwamba tutaliandikia jambo hili katika jarida letu, nasi tunatimiza ahadi hiyo. Hoja yetu ni kwamba mashaka ya watu wa Hai Mauna hayakuanza mwaka 2021, wala hayakuletwa na ujinga. Yana historia ndefu katika Afrika ya Mashariki, na sehemu kubwa ya historia hiyo imehifadhiwa ndani ya maneno ya Kiswahili.

Mtaa na lugha zake

Tuanze na jina lenyewe. *Hai* katika majina ya mitaa ya Juba, kama Hai Mauna, Hai Malakal na Hai Cinema, ni neno la Kiarabu lenye maana ya mtaa au kitongoji. Katika Kiarabu neno hilo hilo lina maana ya kitu chenye uhai, na kwa maana hiyo ya pili ndivyo lilivyoingia katika Kiswahili. Mswahili akisoma kibao cha Hai Cinema huweza kudhani ni sinema iliyo hai. Ni mtaa tu, ila jina linatukumbusha kwamba chombo kipya cha habari kiliwahi kuwa alama kubwa kiasi cha kuupa mtaa jina.

Juba ni mji wa lugha nyingi. Kiarabu cha Juba ndicho lugha ya soko, Kiingereza ni lugha rasmi, na Kibari, Kidinka, Kinuer, Kizande na nyingine nyingi huzungumzwa nyumbani. Kiswahili kiliingia kwa njia mbili kubwa: wafanyabiashara kutoka Uganda na Kenya, na wakimbizi waliorudi nyumbani baada ya miaka mingi katika nchi hizo. Mwaka 2016 Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo habari iliyozuka Nairobi au Kampala leo haihitaji mkalimani ili ifike Juba kesho. Uvumi nao hausimami mpakani.

Mumiani na wazimamoto

Uvumi wa kwanza unaotuhusu ni wa kabla ya simu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, ina kidahizo *mumiani*. Kwanza kamusi inakieleza kuwa ni kitu cheusi kama utomvu kinachosemekana kutoka Uajemi, ambacho watu walikitumia kama dawa ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kisha inaongeza kwamba wengi waliamini kitu hicho ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na kwamba pakivuma kuwa mumiani inatafutwa, watu wa mji hushikwa na hofu na hawatoki nje baada ya jua kutua. Ni nadra kamusi kuweka hofu ya mji mzima ndani ya kidahizo kimoja.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 uvumi huo ulienea kwa majina mbalimbali. Pwani na Tanganyika watu walisema *mumiani* au *chinjachinja*. Nairobi na Kampala walisema *wazimamoto*, kwa kuamini kwamba gari jekundu la kuzima moto huzunguka usiku likikamata watu ili wanyonywe damu. Rhodesia ya Kaskazini walisema *banyama*. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 2000, akashauri tusiyatupe kama upuuzi. Tusiulize tu kama yalikuwa kweli. Tuulize pia watu walikuwa wanaeleza nini kwa kuyatumia.

Tukiyasikiliza kwa namna hiyo tunaona kwamba vitu vinavyotajwa ni vile vile mara kwa mara: gari, taa ya umeme, bomba la sindano, chupa, nguo nyeupe na sare. Vilikuwa vitu vya serikali ya kikoloni, ambavyo mwananchi aliviona vikipita asijue ndani yake mna nini. Aliona pia watu wakitolewa damu ili ipimwe, damu ikapelekwa mbali, na majibu yasirudi kwake. Neno *mumiani* lilimpa njia ya kusema kwamba kuna wanaochukua bila kueleza.

Upande wa kusini mwa Sudan hali haikuwa tofauti sana. Katika kampeni dhidi ya ugonjwa wa malale, utawala wa Kiingereza uliwapima watu kwa nguvu, ukawahamisha na kuwatenga wagonjwa katika nchi ya Wazande. Malale ulikuwa ugonjwa wa kweli na uliua wengi. Lakini aliyehamishwa na kutengwa alimkumbuka askari kabla ya kumkumbuka daktari.

Sindano iliyopendwa

Hapa lazima tuwatahadharishe wanafunzi. Ni rahisi kuhitimisha kwamba Waafrika wa wakati ule waliogopa kila kitu kipya. Historia inakataa. Katika miaka ya 1920, wakati ule ule wa hofu ya mumiani, madaktari wa Kenya na Tanganyika walianza kutibu ugonjwa wa buba kwa sindano. Buba huleta vidonda vibaya vya ngozi na huwapata sana watoto. Baada ya sindano vidonda vilikauka mbele ya macho ya watu. Habari ikaenea, na watu wakamiminika wenyewe kwenye vituo wakiitaka sindano.

Kwa hiyo watu wale wale, katika miaka ile ile, waliikimbia sindano moja na kuifuata nyingine. Tofauti haikuwa upya wa chombo. Sindano ya buba ilitoa kitu ambacho mgonjwa alikiona mwilini mwake. Sindano ya kupima damu ilichukua kitu, na mgonjwa hakuona kurudi kwake.

Lugha yenyewe inaunga mkono jambo hili. Hatukuazima neno la Kizungu kwa ajili ya chanjo. *Kuchanja* ni kukata au kutoboa ngozi, na mganga wa jadi alichanja chale kisha akapaka dawa katika majeraha madogo ili kumkinga mtu. Wazo la kuingiza kinga mwilini kwa kupitia ngozi lilikuwa tayari na jina. Neno *dawa* nalo lina pande mbili tangu zamani: dawa ya kikohozi huponya, dawa ya panya huua. Mswahili anayeuliza “ni dawa ya nini?” anauliza swali la haki kabisa.

Sindano iliyoua

Kuna jambo lingine ambalo hatuwezi kulipita kimya. Mara nyingine sindano imeua kweli, tena katika eneo hili hili.

Mwaka 1976 ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola ulizuka sehemu mbili karibu kwa wakati mmoja. Kusini mwa Sudan ulianza Nzara, miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, ukafika hospitali ya Maridi, ambako uliambukiza wauguzi na wagonjwa wengine. Watu 284 waliugua na 151 wakafa. Katika Zaire ulizuka Yambuku, ambako waliougua walikuwa 318 na waliokufa 280. Uchunguzi ulionesha kwamba hospitali ya misheni ya Yambuku ilitumia mabomba machache ya sindano kwa wagonjwa wengi kwa siku bila kuyatakasa ipasavyo. Walioepuka hospitali katika majuma yale walikuwa na sababu.

Miaka 41 baadaye, mwezi Mei 2017, watoto 15 walikufa katika kijiji cha Nachodokopele, eneo la Kapoeta, mashariki mwa Sudan Kusini, baada ya kuchanjwa dhidi ya surua. Wizara ya Afya ilitangaza matokeo ya uchunguzi mwanzoni mwa Juni. Bomba moja la sindano lilikuwa limetumika kuchanganyia chanjo kwa siku zote 4 za kampeni, na chanjo zilikaa bila kuhifadhiwa kwenye baridi. Chanjo ya surua yenyewe haikuwa na kosa. Imeokoa mamilioni ya watoto duniani. Makosa yalikuwa ya utunzaji na ya watu wasiopewa mafunzo. Lakini mzazi wa Kapoeta hawezi kuambiwa kwamba hofu yake ni ushirikina, na habari ya Kapoeta ilifika Juba.

Redio, Facebook na ndugu mwenye simu

Sasa tuje kwenye chombo cha pili katika kichwa chetu. Vyombo vipya vya habari navyo vimependwa na kuogopwa kwa zamu. Julai 2004 huko Nigeria ilivuma kwamba ukipokea simu kutoka namba fulani unakufa hapo hapo, hata kampuni za simu zikalazimika kukanusha. Lakini Machi 2007 Wakenya walipoletewa M-Pesa, hawakuchelewa kuikabidhi simu ile ile fedha zao, kwa sababu mama wa kijijini alizipata siku hiyo hiyo. Ni sindano ya buba kwa mara nyingine.

Juba ilipata Redio Miraya ya Umoja wa Mataifa mwaka 2006. *Miraya* ni kioo katika Kiarabu cha Juba. Vita vilipozuka Desemba 2013, maelfu ya watu walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa jijini humo. Katika kambi hizo, kuanzia mwaka 2014, kipindi kiitwacho Boda Boda Talk Talk kilirekodiwa na wakazi wenyewe, kikawekwa katika kifaa kidogo cha kuhifadhia sauti, kisha kikapigwa kwa vipaza sauti kutoka pikipiki ya magurudumu manne iliyosimama vituoni. Kilikuwa chombo kipya, lakini sauti ilikuwa ya jirani, na msikilizaji aliweza kumfuata mtangazaji na kumwuliza swali.

Facebook ilikuwa na hadithi nyingine. Tarehe 8 Julai 2016, viongozi wakiwa katika mkutano ikulu ya Juba, msemaji wa Makamu wa Kwanza wa Rais aliandika katika ukurasa wake kwamba bosi wake amekamatwa. Hakuwa amekamatwa. Walinzi wa pande mbili walikuwa tayari na wasiwasi, risasi zikalia pale pale ikulu, na mapigano ya siku zilizofuata yakaua mamia ya watu. Tangu hapo mkazi wa Juba anajua kwamba maneno machache ya simu yanaweza kuua. Anajua pia kwamba redio rasmi si kila mara husema yote. Katika hali hiyo humwamini nani? Humwamini ndugu. Na ndugu ana simu.

Chanjo ya korona Juba

Mgonjwa wa kwanza wa korona Sudan Kusini alitangazwa tarehe 5 Aprili 2020, naye alikuwa mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa aliyewasili kutoka nje. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ugonjwa ulionekana kuwa wa wageni. Tarehe 25 Machi 2021 dozi 132,000 za AstraZeneca ziliwasili kwa mpango wa COVAX, na mwezi Aprili uchanjaji ukaanza katika Hospitali ya Mafunzo ya Juba.

Wakati ule ule nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zimesimamisha au kuwekea mipaka chanjo hiyo hiyo kwa sababu ya matukio machache ya damu kuganda. Habari hiyo ilikuwa ya kweli na ilifika katika simu za Juba pamoja na ile ya uongo. Dozi nyingine zipatazo 60,000 zilizoletwa kupitia Umoja wa Afrika zilikuwa zimekaribia mwisho wa muda wake zilipofika, muda ukaisha, na serikali ikatangaza kwamba zitaharibiwa. Kati ya zile 132,000, dozi 72,000 zilitolewa zipelekwe kwingine kwa kuwa zisingeweza kutumika kabla ya muda wake kwisha.

Tutazame mambo hayo kwa macho ya mama wa mwanafunzi wetu. Chanjo imeletwa na wageni. Ulaya wameisitisha. Nyingine imeharibika. Kapoeta watoto walikufa. Serikali haijalipa mishahara ya wauguzi kwa wakati, lakini chanjo inatolewa bure. Ujumbe wa simu uliodai kwamba aliyechanjwa hatazaa ulikuwa uongo mtupu, wala hakuna uchunguzi wowote ulioonesha jambo hilo. Lakini uongo huo ulikuta nyumba ambayo ukweli ulikuwa umeshaijaza mashaka.

Juba haikuwa peke yake. Tanzania, tarehe 27 Januari 2021, Rais John Magufuli alitilia shaka chanjo hadharani akiwa Chato. Mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, alichanjwa mbele ya kamera tarehe 28 Julai mwaka huo huo. Katika miezi sita mwananchi alisikia maneno mawili tofauti kutoka kiti kile kile. Wakati huo BAKITA walitupatia neno UVIKO-19, nasi tulilifundisha kwa furaha. Neno lilikuwa zuri. Lakini neno zuri halitoshi kama msikilizaji hamwamini anayelitamka.

Somo la Kivu na Ituri

Tukio linalofaa zaidi kulinganishwa na hili lilitokea jirani, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mawasiliano. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulikwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Safari hii kulikuwa na chanjo mpya iliyofanya kazi vizuri, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Hata hivyo vituo vya tiba vilishambuliwa mara nyingi. Tarehe 19 Aprili 2019 Dakta Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani, raia wa Kameruni, aliuawa Butembo.

Mashaka hayo yalikuwa na mizizi. Watu wa Beni walikuwa wakichinjwa na makundi yenye silaha tangu mwaka 2014, na dunia haikuja. Ebola ilipoingia, magari na fedha vilikuja kwa wingi. Kisha mwezi Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa katika Beni na Butembo kwa kisingizio, kama wakazi walivyoona, cha Ebola.

Lugha nayo ilikuwa na sehemu yake. Mabango mengi yaliandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu, na shirika la Watafsiri Wasio na Mipaka lilipowauliza watu, liligundua kwamba wengi hawakuyaelewa vyema. Walitaka maelezo marefu zaidi, katika Kiswahili chao wenyewe, na walitaka kuuliza. Sisi tunaofundisha Kiswahili sanifu hatuna budi kulisikia hilo.

Mmoja aliyeifanya kazi hiyo alikuwa Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya Lwemba, Ituri. Alikuwa na kipindi cha kuelimisha watu wake juu ya Ebola. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019 alivamiwa nyumbani kwake akauawa, mkewe akajeruhiwa na nyumba ikachomwa moto. Tunamtaja ili wanafunzi wasidhani kwamba kueleza neno la afya kwa watu ni kazi ndogo au isiyo na gharama.

Kazi ya mwalimu wa lugha

Tunamaliza na mambo matatu kwa walimu wenzetu. Kwanza, tunapofundisha msamiati wa afya, tufundishe pia historia yake. Mwanafunzi anayejua *mumiani* ataelewa kwa nini mtu huuliza damu yake inapelekwa wapi, naye atamjibu badala ya kumcheka. Pili, tufundishe kutofautisha maneno yaliyo karibu. *Habari* ina chanzo kinachotajika. *Tetesi* haijathibitishwa. *Uvumi* unatokana na *kuvuma*, kama upepo usiojulikana ulikotoka. *Uzushi* umebuniwa na mtu. Ujumbe wa sauti unaoingia katika simu unaweza kuwa wowote kati ya hivyo, na zoezi la kuuweka katika fungu lake ni zoezi zuri la darasani. Tatu, tuwape wanafunzi nafasi ya kueleza jambo gumu kwa Kiswahili cha kwao, kisha ndipo tuwasahihishe.

Mwanafunzi wetu wa Hai Mauna alifanya zoezi hilo likizo iliyopita. Aliandika kwa Kiswahili maelezo ya ukurasa mmoja juu ya chanjo ya surua, yakiwa na habari ya Kapoeta ndani yake: nini kilitokea, kosa lilikuwa wapi, na mzazi aulize nini kabla mtoto hajachanjwa. Kisha akamsimulia mama yake kwa Kiarabu cha Juba. Mama aliuliza maswali mengi kuliko darasa zima. Swali la mwisho, anasema, lilikuwa kama bomba la sindano hufunguliwa mbele ya mzazi. Alijibu kwamba ndivyo inavyopaswa, na kwamba ana haki ya kulidai. Mjukuu alipelekwa kuchanjwa juma lililofuata, na bibi akaenda naye ili alione bomba likifunguliwa.

Tunawakaribisha wasomaji watuletee maneno ya uvumi na ya tiba yanayotumika kwao, pamoja na maana zake, ili tuyachapishe katika toleo lijalo.